Uzito wa Ulimi

Wakesho, mama,

Kati ya Mombasa na Malaba hakuna dereva aliyevuta trela kunishinda mimi baba yako. Miaka kumi na miwili, milima na makorongo, mvua na vumbi, na sikuwahi kuangusha hata gunia moja la mchele. Polisi wakiniona kwa mbali walikuwa wananipigia saluti.

Sawa. Hapo kwenye saluti nimeongeza. Kwenye gunia pia. Na ukinitazama vile unavyonitazamaga, jicho moja limefinywa kama muuguzi anayetafuta mshipa, nitakiri hata lile la udereva, maana barua hii yote ni ya hilo. Lakini tulia kwanza, nifike polepole.

Nimekaa ndani ya trela lako, hii nyumba yako ya magurudumu, kwenye ile meza ya kukunja, hapa kwenye maegesho ya apatimenti. Ni saa kumi na moja jioni na jua la Juni bado liko juu kama halina kwao. Wewe uko kazini, shifti yako ya mwisho. Mama yako yuko juu anakaanga mahamri ya safari kana kwamba huko Kansas unakokwenda kesho hawajui kula. Nimemwambia nashuka kukagua matairi. Hakuniamini, lakini amenipa kalamu.

Sitakuambia ulale mapema, usali, ufunge mlango. Hayo mama yako ameyaandika kurasa mbili na kuyabandika kwenye friji yako hii ndogo, na namba nne ameirudia kwenye namba tisa. Mimi niliacha shule darasa la tano, kwa hiyo sina ya kuorodhesha. Nina jambo moja tu. Na nimeliandika kwa Kiswahili makusudi, ili usome taratibu na usinijibu haraka kwa Kiingereza chako kabla sijamaliza.

Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, ulisema labda uwapigie simu wale wa kazi uwaambie wamtafute mtu mwingine. Ulisema Kansas ni upepo mtupu, na wewe umekwisha kuona upepo unachofanya kwa trela. Ulilisema kwa ile sauti ya upole unayowasemesha wagonjwa, kana kwamba mgonjwa ni wewe. Miaka miwili umeitafuta kazi hii ya kuzunguka, wiki kumi na tatu hapa, wiki kumi na tatu pale, na nyumba yako nyuma yako. Na sasa unataka kuiacha kwa sababu ya upepo. Mimi nilikuwa natafuna ugali. Niliendelea kuutafuna hata baada ya kuisha mdomoni.

Ulipokwenda kulala, mama yako alinifuata jikoni. "Baba Wakesho," akasema, "mtoto anaogopa upepo ambao haukuwepo. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Basi nakuambia mimi. Siku ile trela lilipotuyumbia kwenye barabara kuu ya I-35 hakukuwa na upepo, mama. Ilikuwa ni mimi.

Turudi nyuma kidogo. Unakumbuka uliponunua trela hili mwezi wa nne, ukanipigia simu kuniuliza tuchukue hitch gani, kile kiungio cha kufungia trela kwenye pikapu. Mimi nikasikia "hichi", nikakuuliza, hichi gani? Ukasema, hitch, Baba. Nikasema, ndiyo, hichi, lakini hichi kipi? Ulicheka mpaka ukaweka simu chini, na tangu siku hiyo nyumba nzima inakiita hichi. Ulipomaliza kucheka ulisema neno lililonipata pabaya. Ulisema, "Chagua wewe, Baba. Wewe ndiye dereva wa trela."

Nikajibu kwamba umefika kwa mwenyewe.

Nikaenda Lakeville kwa mzee mmoja anaitwa Duane. Alikuwa anaendesha basi la shule, amestaafu, na tangu mkewe afariki hana hamu ya kupiga kambi peke yake, kwa hiyo anauza vifaa vyao vya trela. Akanionyesha hichi chake, ile aina ya vyuma viwili virefu vya springi. Seti za vyuma alikuwa nazo mbili, moja nene kama mkono wangu na moja nyembamba. Akaniuliza trela lako lina uzito gani wa ulimi.

Ulimi, mama. Hivyo ndivyo wanavyouita ule mkono wa mbele wa trela, unaokalia pikapu. Mimi sikujua. Nilidhani ananicheka lafudhi. Nikamjibu kwamba ulimi wangu hauna shida yoyote, na kwamba hata lafudhi yake ningeweza kuicheka nikitaka. Duane akanitazama, akafikiri ni utani, akacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane mjinga. Akaeleza kwa mikono yake. Nikaitikia kwa kichwa kila alipomeza mate. Kisha nikachukua vile vinene, kwa sababu ni vinene. Unatujua sisi, mtu akinunua sufuria anaigonga kwanza asikie unene. Duane akasema vile ni vya trela kubwa kuliko lako. Nikamwambia nimevuta trela tangu yeye hajazaliwa. Amenizidi miaka sita.

Sasa nikueleze kile ambacho ningepaswa kujua siku ile, nawe ukitaka kucheka, cheka. Unawakumbuka wale wa mikokoteni sokoni Voi, tulipokwenda kumzika bibi yako? Mzigo ukikaa mbele sana, mikono ya mkokoteni inamlemea mvutaji mpaka magoti. Ukikaa nyuma ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, unamnyanyua juu, miguu inaning'inia, na watoto wote wa soko wanafurahi. Trela ni mkokoteni. Pikapu yako ndiyo mvutaji. Ulimi ukilemea sana, makalio ya pikapu yanakaa chini, pua inaangalia mawinguni, na magurudumu ya mbele, yanayokupindishia njia, yanagusa lami kwa adabu tu. Hapo ndipo hichi kinapofanya kazi. Vile vyuma viwili vinakazwa kwa mnyororo, vinanyanyua kama mtu anavyonyanyua mikono ya mkokoteni, na sehemu ya ule uzito inarudi kwenye magurudumu ya mbele ya pikapu na nyingine kwenye magurudumu ya trela. Lakini vyuma lazima viendane na ulimi. Vikiwa vyembamba mno, havinyanyui. Vikiwa vinene mno havipindi hata kidogo, vinakwenda kama gogo, vinakutikisa mpaka meno.

Na tukisema meno. Lile jino langu la mbele halikuvunjwa na mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nakaza vile vyuma vinene kwa mtaimbo, bila kulipandisha trela na jeki kwanza, mtaimbo ukaponyoka. Nilimwambia mchungaji ni mahindi, naye akaliombea jino. Kwa hiyo pandisha na jeki kwanza, mama, pikapu na trela vikiwa vimeshikana, mpaka vyuma vilegee kabisa, ndipo uvikaze kwa mkono mmoja. Mchungaji usimwambie.

Vyuma vikakataa kupinda, mnyororo ukakataa kufika, na pikapu ikabaki imekaa makalio chini. Nikaona aibu. Nilitaka utoke kazini uikute imesimama sawa, kama kwenye picha za matangazo. Basi nikafanya ujanja wangu. Nikachukua jenereta, nikachukua makopo ya maji, nikachukua yale maboksi matatu ya vitabu vyako vya uuguzi na gunia la unga la mama yako, nikavihamishia vyote nyuma kabisa, chini ya kitanda. Nikatoka nje. Pikapu ilikuwa imenyooka, imesimama kama askari wa gwaride. Nikashika kiuno, nikajisifu.

Halafu nikazungusha mkono wa jeki kuunyanyua ulimi mara ya mwisho, niangalie kama umekaa vizuri. Ulinyanyuka kwa vidole viwili.

Vidole viwili, Wakesho. Na mkono wangu ukajua. Mkono wangu ulikuwa umeusikia wepesi ule mara moja zamani, na haukuwa umeusahau. Nikauambia unyamaze.

Ukaja, ukafurahi, ukanikumbatia. Tukaingia kwenye hiyo I-35 kwenda Lakeville kumringia Duane, wewe kwenye usukani, mimi nikielekeza njia ambayo hata kipofu anaijua. Tulipopitwa na lile lori la maziwa, trela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila safari zaidi ya ile ya kwanza. Kwenye kioo nilikuwa naiona nyumba yako upande wangu, kisha upande wako. Na mimi, dereva mkuu wa Mombasa na Malaba, nilipiga kelele ukanyage breki.

Hukukanyaga. Uliushika usukani ukautuliza, ukaondoa mguu kwenye mafuta, ukapeleka mkono kwenye kile kidude cha breki za trela, ukazibana zile peke yake. Trela likatuvuta kwa nyuma, likanyooka, likatulia. Ukatoka pembeni, ukasimama. Mikono yako ilikuwa bado kwenye usukani. Yangu ilikuwa chini ya mapaja nimeikalia.

Duane ameniambia baadaye kwamba ungenisikiliza mimi, ukaikanyaga ile breki ya mguu kwa nguvu, sasa hivi mama yako angekuwa anakaanga mahamri ya kitu kingine. Kwa hiyo asante kwa kunipuuza. Nimekulea vizuri.

Ukaniuliza, pale pembeni, ilikuwa ni nini. Ulikuwa unataka kujua kweli. Nami nikaangalia nje dirishani, kwenye majani ambayo hayakuwa yanatikisika, nikasema, "Upepo huo, mama. Upepo wa huku ni mbaya."

Nataka nikuambie mkono wangu uliujulia wapi ule wepesi.

Sikuwahi kuwa dereva. Nilikuwa utingo. Miaka minne, wala si kumi na miwili. Nilifunga turubai, nilipiga jeki, nilichemsha chai, nilisimama nyuma nikimwelekeza dereva akirudi kinyumenyume, na alipokuwa tayari kuondoka nilipiga bodi kwa kofi mara mbili, ajue nimepanda, twende. Dereva alikuwa Salim. Mtu mzuri, mkali, mtanashati, ananyoosha shati lake kwa pasi ya makaa hata tukilala porini. Siku moja Mombasa tulipakia magodoro mbele na simenti nyuma, kwa sababu simenti ilikuwa inashuka Maungu, mwanzo, na hakuna aliyetaka kupakua mara mbili. Tulipokuwa tunafunga trela, niliushika ule mkono wake wa mbele. Siku zote tulikuwa tunaunyanyua watu wawili tukilaaniana. Siku hiyo niliunyanyua peke yangu, bila hata kutema chai.

Nilijua. Sikuwa na maneno yake, lakini nilijua. Nikaufungua mdomo nimwambie, na Salim akanikata kabla sijaanza, kwamba jua linapanda na kazi yangu ni kupiga bodi. Nikapiga bodi. Mara mbili.

Tulianguka kabla ya Maungu, kwenye mteremko mdogo tu ambao ukipita kwa basi huuoni. Trela lilitikisa mkia, Salim akakanyaga breki, basi. Hakufa mtu. Mimi nilirukia kwenye magodoro, nikatua kama bwana harusi. Salim aliumia mguu, na tangu siku hiyo alitembea akiuvuta. Alikuwa akinikuta Voi ananisalimia kwa furaha, ananiita kijana wangu, anawaambia watu tuliponea pamoja. Kila mara nilitaka kumwambia kwamba niliusikia ulimi mwepesi nikanyamaza. Kila mara nilimnunulia chai badala yake. Amekufa akiniita kijana wangu.

Na mimi, badala ya kusema, nikaanza kuisimulia hadithi ile nikiwa ndani ya kabini ya lori, mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, mimi ndiye niliyeokoa. Mwanzo niliwasimulia vijana sokoni. Kisha wakwe. Kisha ukazaliwa wewe, ukakua, ukaipenda, ukawa unaiomba kila usiku, na ungesema nini kwa mtoto anayekuangalia hivyo? Mama yako anaujua ukweli tangu mwanzo. Alinikuta Voi niko juu ya mzigo, nimechafuka masizi mpaka masikioni. Aliniambia mwenyewe nitajua la kufanya, akaningoja miaka thelathini. Ni mwanamke mvumilivu lakini wiki hii amechoka.

Jumatatu asubuhi nilimpigia Duane. Nikamwambia yote, hata la Salim, kwa Kiingereza changu hiki chenye nyufa. Nilidhani atanicheka. Akasema na yeye aliwahi kumwelekeza mkewe akirudi kinyumenyume mpaka akagonga mti, akamwambia mti ulikuwa haupo jana. Akaja na vile vyuma vyembamba na mizani ndogo ya ulimi. Siku tatu, ukiwa kazini, wazee wawili tumelala chini ya trela lako kama watoto wanaocheza. Tumerudisha jenereta mbele. Vitabu viko katikati, juu ya ekseli. Unga wa mama yako uko chini ya meza hii, magoti yangu yanaugusa. Kisha tukalivuta trela, limejaa kila kitu chako, mpaka kwenye mizani ya malori, likapimwa lilivyo kweli, maana ile namba ya kwenye karatasi ya muuzaji ni ya trela tupu, na hakuna anayehama na nyumba tupu. Nikapima ulimi. Ukigawa uzito wa trela lote mafungu mia, ulimi wako sasa ni mafungu kumi na matatu. Duane anasema chini ya kumi ni kutafuta Maungu, na juu ya kumi na tano ni kumwonea pikapu. Nimeipiga hesabu hiyo mara tatu. Darasa la tano limenitosha.

Hichi ulicho nacho sasa ndicho chenyewe. Hilo nakuambia bila kuongeza saluti. Jana nilitoka nacho na Duane, tukatafuta malori makusudi, matatu yakatupita, moja likatupigia honi. Trela lilifuata kama mbuzi aliyezoea kamba. Na jana upepo ulikuwepo, wa kweli, uliangusha pipa la taka la jirani. Kansas upepo upo pia, na siku ukiwa mkali sana utatoka pembeni unywe chai, kama watu wote wenye akili. Lakini siku ile hukushindwa na upepo. Ulishinda kosa langu, mzigo wangu na kelele zangu, vyote kwa pamoja, kwa mkono mmoja. Mtu wa hivyo namwonea huruma huo upepo.

Ila usiniamini mimi. Umeona imani hiyo imetufikisha wapi. Kwenye droo ya vijiko nimekuwekea futi ya kupimia. Kabla hujafunga trela, pima kutoka chini mpaka ukingo wa madigadi ya pikapu, juu ya tairi la mbele. Funga trela, kaza vyuma, pima tena. Namba ikirudi karibu na ile ya kwanza, ondoka. Isiporudi, ongeza au punguza pete moja ya mnyororo, upime upya. Na kila ukihamisha vitu, shika ule mkono wa jeki uusikilize. Ukizunguka kwa vidole viwili, usimwamini mtu yeyote anayekuambia twende, hata akiwa ana mvi, hata akiwa ni baba yako. Sema. Hata kama anayekupakilia ni fundi wa miaka arobaini na wewe umevaa sare ya hospitali yenye vikatuni vya paka.

Nimesikia mlango wa juu. Mama yako anakuja kuona matairi yanakaguliwaje kwa muda wote huu, kwa hiyo nimalizie.

Kuna kitu nakudai. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano nilikuwa nakupeleka shule na ile gari ya kijani, na ukishuka nilikuwa nashuka na mimi, nazunguka nyuma, naipiga bodi mara mbili, nasema twende, ndipo narudi kwenye usukani. Wenzako walikuwa wanaangalia. Siku moja ulinishika mkono ukaniomba, kwa Kiswahili, ndiyo maana nakumbuka, niache. Ukaniahidi kwamba nikiacha, siku utakapoondoka nyumbani kabisa nitapiga nipendavyo. Mtoto mwerevu kama wewe hukuwahi kujiuliza ni dereva gani anayepiga bodi la gari lake mwenyewe. Nimeacha tangu siku hiyo. Miaka yote hii mkono umekuwa ukiniwasha.

Kesho asubuhi, ukishapima, ukishakaa kwenye usukani, usiondoke kwanza. Nitakuwa nyuma, upande wako, nikuone kwenye kioo. Nitaushika ulimi mara moja ya mwisho. Ukiwa sawa nitapiga bodi, mara mbili, kwa sauti, majirani waamke.

Ningoje nipige.

Utingo wako,
Baba